Kilichoyeyuka Hakijaondoka

Kiswahili cha kila siku kina neno moja, kuyeyuka, ambalo tumelitwika kazi tatu. Barafu huyeyuka juani. Sukari huyeyuka kwenye chai. Mtu naye huyeyuka katikati ya umati, ukageuka usimwone. Kazi ya kwanza ni ya joto, linalogeuza kigumu kuwa kimiminika. Ya pili ni ya maji, yanayokichukua kitu na kukitawanya ndani yake hadi jicho likose pa kukishika. Ya tatu ni kutoweka tu. Waandishi wa vitabu vya sayansi waliuona mkanganyiko huo, wakaenda kuazima neno kinywani: mtoto humumunya pipi, basi sukari nayo humumunyika, na maji yaliyoibeba yakaitwa mmumunyo. Ni neno lililochaguliwa vizuri, maana hakuna mtoto anayedhani kwamba pipi iliyokwisha mdomoni imepotea. Utamu wake bado anao ulimini. Bahati mbaya neno hilo limebaki darasani. Nyumbani na sokoni tunaendelea kusema kimeyeyuka, na nyuma ya kauli hiyo inaingia kimyakimya ile maana ya tatu, kwamba hakipo tena. Naamini kosa hilo la fikra linatugharimu afya, hasa katika maji tunayokunywa, na kwamba somo la mwanzo kabisa la kemia, lile la kuchanganya na kutenganisha vitu, ndilo lenye dawa yake.

Tatizo ni namna somo lenyewe linavyofundishwa. Mwanafunzi hupewa orodha: kuchambua, kupepeta, kuchekecha, kuchuja, kuvukiza, kukeneka. Anaikariri, anaijibu kwenye mtihani, kisha inamtoka. Kinachokosekana ni swali lililoizaa orodha hiyo, nalo ni hili: vitu hivi viwili vilivyochanganyika vinatofautiana kwa lipi? Anayepeta mchele kwa ungo amekwisha kulijibu, kwamba pumba ni nyepesi kuliko punje, kwa hiyo upepo utazigawa. Chekeche hutumia tofauti ya ukubwa; unga hupita na chenga hubaki. Kifumbu hufanya vivyo hivyo kwa tui na chicha. Kila njia ya kutenganisha, kuanzia jikoni hadi kiwanda cha mafuta ya petroli, ni tofauti moja iliyotambuliwa na kupewa kazi. Ila vyombo vya nyumbani karibu vyote vimejengwa juu ya tofauti za namna mbili, ukubwa na uzito, ambazo jicho na mkono vinaweza kuzihukumu. Mmumunyo hauna tofauti ya namna hiyo ya kutuonyesha, na ndiyo maana ujuzi wetu mkubwa wa jikoni hukwama pale pale unapoanza.

Liangalie tui la nazi kando ya maji ya chumvi. Tui ni jeupe kwa sababu ndani yake mna matone madogo mno ya mafuta ambayo hayakumumunyika. Yameelea tu, na mwanga ukiyagonga hutawanyika kila upande. Ukiliacha litulie, mafuta hupanda juu yenyewe na maji kubaki chini. Maji ya chumvi hata ukiyaacha mwaka mzima ndani ya chupa iliyofungwa hayatajigawa. Fuwele ya chumvi imepangwa kwa chembe za aina mbili, sodiamu yenye chaji chanya na kloridi yenye chaji hasi, na molekuli ya maji ina upande ulioelekea chanya na upande ulioelekea hasi. Chumvi ikitumbukia, molekuli za maji huzizingira zile chembe, ambazo wanakemia huziita ayoni, zikazing'oa moja moja na kwenda nazo. Mwanga hauna tena tone la kugonga, kwa hiyo maji yanabaki maang'avu. Lakini pima kwa mizani: gramu 200 za maji na gramu 50 za chumvi zitatoa gramu 250 kamili, wala hakuna hata punje iliyopungua.

Ukubwa wa ayoni hizo ndio unaoeleza kwa nini kitambaa hakiwezi kuzizuia. Bakteria wa kawaida ana urefu wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita, na yapo machujio ya udongo wa kuchoma yenye vitundu vidogo kiasi cha kumnasa. Ayoni, hata ikiwa imejifunika maji yake, haifiki sehemu moja ya milioni ya milimita. Mbele yake, kitundu kinachomzuia bakteria ni kama lango la mita tatu mbele ya sisimizi. Shabu inayotiwa kwenye ndoo ya maji ya mto, au unga wa mbegu za mlonge, hufanya kazi nzuri sana ya kuzikusanya chembe za tope ziwe mabonge na kuzama. Maji yanatakata machoni. Chumvi, magadi na vinginevyo vilivyomumunyika humo vyote vinabaki, kwa kuwa havikuwa sehemu ya lile tope.

Je, basi kilichomumunyika kinatolewaje? Swali ni lile lile la tofauti, ila sasa tofauti inabidi itafutwe mbali zaidi ya jicho. Kwa chumvi na maji, tofauti iliyo wazi ni kwamba maji hugeuka mvuke kwa urahisi na chumvi haigeuki. Huko Uvinza, mkoani Kigoma, karibu na mto Malagarasi, zipo chemchemi za maji ya chumvi ambako uchimbuzi wa kiakiolojia wa mwaka 1967 ulionyesha kuwa watu walikuwa wakichemsha chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mtu aliyesoma habari za sukari angeweza kuuliza kwa nini wasingepasha maji yale moto kidogo na kuyapoza, chumvi ikajitoa yenyewe kama sukari guru inavyoganda. Jibu liko kwenye tabia ya vitu vyenyewe. Gramu 100 za maji ya kawaida hubeba kama gramu 200 za sukari, na yakichemka hubeba karibu gramu 490, kwa hiyo yakipoa yanaitema ile ziada. Chumvi ni kama gramu 36 kwenye maji ya kawaida na hazizidi 40 kwenye yanayochemka. Ukiyapoza hupati kitu cha maana. Watu wa Uvinza hawakuwa na namba hizi, lakini walikuwa na ujuzi uliozitii: hapakuwa na njia ila kuyaondoa maji yote kwa moto, na kuni zake zilikuwa nyingi.

Pwani jua ndilo linalofanya kazi hiyo, na anayedhani kwamba majaruba ya chumvi ni maji ya bahari yaliyoanikwa tu anakosa jambo zuri kuliko yote. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi za namna nyingi, na chumvi ya mezani ni kama robo tatu na ushei ya hizo. Wenye majaruba huyaingiza maji wakati wa bamvua, wakayahamisha kutoka bwawa hadi bwawa kadiri yanavyozidi kukolea. Katika mabwawa ya mwanzo hutangulia kuzama chokaa, kisha jasi pale maji yanapobakia kama sehemu ya tano ya ujazo wa mwanzo. Yakifikia kama sehemu ya kumi, ndipo chumvi ya mezani inapoanza kuweka fuwele, na ndipo yanapofikishwa kwenye jaruba la mavuno. Anayejua kazi hangojei yakauke kabisa. Maji machungu yanayobaki, yenye magnesiamu nyingi, humwagwa, maana yakikaukia humo chumvi itakuwa chungu na yenye kuvuta unyevunyevu. Chumvi inayolowa ndani ya kopo masika, mara nyingi inabeba mabaki ya magnesiamu hiyo. Kwa hiyo katika uwanja mmoja wa udongo, bila mtambo wowote, vitu vitatu au vinne vilivyomumunyika pamoja vimetenganishwa kwa tofauti moja, kila kimoja na kikomo chake cha kubebwa na maji. Sijui mfano wa darasani unaouzidi huu, na watoto wengi wa pwani hupita kando yake kila siku kwenda shule.

Mvuke una njia nyingine ya kutenganisha. Kisiwani Pemba, huko Wawi karibu na Chake Chake, kipo kiwanda kinachojulikana kwa jina la kiwanda cha makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Mvuke wa maji hupitishwa katikati ya makonyo ukatoka umebeba mafuta ya karafuu. Mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni yujenoli, ambayo peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi za Selsiasi, joto la kuunguza makonyo yenyewe. Ila kwa kuwa mafuta na maji hayachanganyiki, kila kimoja husukuma mvuke wake kama vile mwenziwe hayupo, na misukumo hiyo miwili ikijumlishwa huvuka uzito wa hewa kabla ya nyuzi 100. Basi mafuta yanasafiri kwenye joto ambalo peke yake yasingelisogea. Mvuke ukipita kwenye bomba lililopozwa, unarudi kuwa kimiminika, na mafuta ya karafuu yanazama chini ya maji kwa sababu ni mazito kuliko maji, tofauti na mafuta ya nazi yanayoelea. Tofauti ya kwanza iliyatoa kwenye mti, na ya pili iliyatoa kwenye maji.

Bomba lile la kupoza ndilo linalokosekana mahali pengi wanakochenjua dhahabu wachimbaji wadogo wa ukanda wa Ziwa Viktoria. Zebaki ni kimiminika kinachoimeza dhahabu na kuuacha mchanga, kwa hiyo hutenganisha vizuri sana. Kisha bonge la zebaki na dhahabu huwekwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu haiyeyuki hadi nyuzi 1064, na tofauti hiyo kubwa humwachia mchimbaji dhahabu mkononi. Watu husema zebaki imeruka, na mazungumzo huishia hapo. Lakini imeruka ikaingia kwenye mapafu ya aliyesimama karibu, ikatua juu ya paa na udongoni, mvua ikaipeleka mtoni, na humo vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya kikaboni inayojilimbikiza kwenye samaki. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unataka uchomaji huo wa hadharani ukomeshwe, na kifaa kinachotakiwa kwa kuanzia si kigeni kwa aliyekiona kiwanda cha makonyo: chombo kilichofunikwa, bomba, na maji baridi ya kuirudisha zebaki ndani ya kopo.

Mahali ambapo fikra ya kutoweka imefanya madhara ya muda mrefu zaidi, kwa maoni yangu, ni maji ya Arusha, ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na ya Bonde la Ufa hadi Nakuru. Maji ya chemchemi na visima vingi vya huko ni maang'avu na baridi, hayana harufu, na yamebeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa kuwa yapo maeneo ambako maji mengine hayakupatikana. Chanzo ni mawe ya volkano, yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na upungufu huo wa kalsiamu ndio unaoharibu mambo. Floraidi ikikutana na kalsiamu ya kutosha huungana nayo kuwa jiwe lisilomumunyika kwa urahisi, ikazama. Ikikutana na sodiamu inaendelea kuogelea. Hata magadi yanayochotwa kwenye maziwa ya ukanda huo kwa ajili ya kulainishia maharage na makande huongeza floraidi kwenye chungu. Mtoto anayekua kwa maji hayo hutoka meno yenye madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa, kwa kuwa doa liliingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi. Kwa waliokunywa maji ya kiwango kikubwa zaidi kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika, viungo vikakakamaa, na wapo ambao miguu yao hupinda.

Wapo watakaosema kwamba elimu ya maji salama tayari tunayo: chemsha, chuja, hifadhi kwenye chombo safi. Ushauri huo ni sahihi na umeokoa maisha ya watu wengi, maana adui aliyekusudiwa ni kijidudu, na kijidudu hufa kwa moto. Floraidi haina uhai wa kutolewa. Chukua lita 10 zenye miligramu 4 kwa kila lita, yaani miligramu 40 kwa jumla. Zichemshe hadi zibaki lita 8. Maji yaliyoruka hayakwenda na floraidi, hivyo zile miligramu 40 sasa zimo ndani ya lita 8, na kila lita ina 5. Familia iliyofanya kila iliyoambiwa imeongeza ilichotakiwa kupunguza. Simaanishi kwamba iache kuchemsha, kwa sababu kuhara huua haraka na floraidi hudhuru polepole. Namaanisha kwamba neno safi limebeba maana mbili, hakuna vijidudu na hakuna kilichomumunyika, na anayefundisha moja bila nyingine amemwacha msikilizaji wake na nusu ya habari.

Wengine watauliza kwa nini kitu kinachotiwa kwenye dawa ya meno kiitwe adui. Kiasi ndicho kinachoamua. Floraidi kidogo huimarisha meno, na dawa ya meno hutemwa. Maji humezwa, lita kwa lita, kila siku ya utoto. Lipo pia pendekezo la kukeneka maji yote, yaani kuyageuza mvuke na kuurudisha kuwa maji, ambalo kikemia halina kasoro. Kasoro yake iko kwenye kuni: kuigeuza lita moja inayochemka kuwa mvuke kunataka joto karibu mara saba ya lile lililoifikisha kwenye kuchemka kutoka nyuzi 20. Nchi zenye nishati tele zimepata njia nyingine. Oman ina mitambo mikubwa huko Barka na Sur inayoyasukuma maji ya bahari kupitia utando maalumu kwa nguvu mara hamsini na zaidi ya uzito wa hewa, hadi maji yapite na chumvi ibaki, na hata huko chumvi hiyo haikutoweka, inarudishwa baharini ikiwa imekolea maradufu. Hoja yenye uzito zaidi kwa kijiji cha Arumeru ni ya maji ya mvua, ambayo jua limekwisha kuyakeneka bure. Naikubali kabisa. Hata pale tangi lisipotosha kiangazi chote, maji ya kisima yenye miligramu 3 yakichanganywa nusu kwa nusu na ya mvua yanashuka hadi 1.5, hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Lakini tangi ni ghali, na pasipo tangi inabaki kutafuta kitu kitakachoikamata floraidi yenyewe na kuyaacha maji yapite.

Kitu hicho kimepatikana machinjioni. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa katika hewa kidogo, kwa moto usiopungua ukaacha harufu na usiozidi ukaua uwezo wake, hutoa mkaa ambao sehemu yake kubwa ni madini ya kalsiamu na fosfati. Maji yakipita taratibu katikati ya chenga za mkaa huo, floraidi huingia kwenye madini hayo na kushika nafasi ya ayoni nyingine iliyokuwamo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi, na huko Nakuru nchini Kenya Jimbo Katoliki lilijenga mpango wake kwa mkaa wa aina hiyo hiyo. Kinachonishangaza kila ninapolifikiria ni kwamba madini hayo ndiyo yanayojenga meno na mifupa yetu. Floraidi inashikwa na chujio kwa sababu ile ile inayoifanya ishikwe na jino la mtoto. Chujio linatangulia tu kuipokea kabla mtoto hajaipokea. Wapo wanaosita kunywa maji yaliyopita kwenye mfupa, kwa dini au kwa kinyaa, na kusita kwao kunastahili jibu la heshima: ijulikane mifupa imetoka kwa mnyama gani na machinjio gani, na anayekataa kabisa aonyeshwe njia ya shabu na chokaa iliyotokea Nalgonda nchini India, ingawa hiyo inahitaji kupimwa kila siku.

Ugumu halisi wa mkaa wa mifupa unaanza miezi kadhaa baadaye. Nafasi za kuishikia floraidi zina idadi, na zikijaa, floraidi hupita kama ilivyokuwa mwanzo hadi mkaa ubadilishwe au usafishwe kwa magadi makali. Chujio la tope hukuambia lenyewe kwamba limeziba, kwa sababu maji hukataa kupita. La mkaa wa mifupa halisemi. Siku mkaa unaposhiba, maji hutoka na ung'avu ule ule, ladha ile ile na kasi ile ile ya siku ya kwanza. Mwenye nyumba hana njia ya kujua isipokuwa aje mtu mwenye kipimo, achukue maji kidogo kwenye chupa, apime, na kuandika tarehe na miligramu alizozikuta kwenye kadi iliyofungwa pale kwenye ndoo, kisha aseme ni lini atarudi tena.